Nimepigwa dola 40 kwa flashi ya "Jack Benny kamili". Frank Nelson mmemficha wapi?

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa miziki ya zamani, hili ni jambo lingine kabisa. Na wale mtakaokuja kuniambia nina povu: ndiyo, ninalo, kaeni mbali msilowe.

Niko Ohio, kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya usiku. Kuna mzee wangu mmoja hapa, miguu imegoma siku nyingi, lakini kichwani anakumbuka mambo ya utotoni kuliko alichokula mchana. Usingizi ukimpaa, dawa yake ni redio ya zamani. Siyo muziki, vichekesho. Nikawa namwekea vipindi vya Jack Benny kwenye simu, naiegemeza kwenye jagi la maji, tunasikiliza wote wawili kimya kimya ili tusiamshe wengine. Nilianza kwa kumridhisha. Miezi miwili baadaye mgonjwa ni mimi.

Kwa msiomjua, Benny alikuwa mchekeshaji wa Kimarekani, aliingia redioni Mei 1932 akatoka Mei 1955. Kuanzia Oktoba 1934 kipindi chake kilikuwa cha Jumapili saa moja usiku, saa za New York. Ni kipindi mseto: bendi, mwimbaji, mgeni wa wiki, tangazo la mdhamini, na Benny mwenyewe akijifanya bahili asiyetoa hata chumvi. Sasa kila mtu anamsifia Benny, sawa, lakini ukisikiliza kwa makini unagundua jamaa alikuwa anawaachia wenzake kicheko, yeye ananyamaza tu. Mfano ule mzaha wake maarufu kuliko yote: jambazi anamsimamisha njiani usiku, "Pesa au roho yako!" Benny kimya. Kimyaaa. Jambazi anakazia, Benny anajibu, "Nafikiria, nafikiria!" Hiyo ilikuwa 28 Machi 1948. Haya niambieni, sauti ya jambazi ni ya nani? Ni Eddie Marr. Mzaha unajulikana dunia nzima, jambazi hajulikani hata mtaa wa pili.

Mtu wa mzee wangu sasa ni Frank Nelson. Mzaliwa wa Denver, 1911, redioni tangu kijana mdogo, Hollywood mwaka 1929, kwa Benny kuanzia 1934. Kazi yake ilikuwa moja na haikuchosha. Benny anafika hotelini, stesheni au dukani, anaona mgongo wa mtu, anaita, "Samahani bwana... bwana..." Mtu anageuka: "Yeeeeeees?" Wakuu, siwezi kuiandika ile sauti. Inaanzia chini kooni, inapanda, inaviringika, inamalizikia juu kama filimbi ya birika, na ndani yake mna dharau ya karani wote waliowahi kukufungia dirisha usoni ukiwa wa kwanza kwenye foleni. Watu ukumbini wanaanza kucheka kabla hajamaliza. Mzee wangu anaiiga bila meno, yamo kwenye kikombe, na anaipatia kuliko wengi wenye meno.

Basi usiku mmoja akanisimulia. Alikuwa mtoto, amekaa kwenye zulia mbele ya redio, baba yake karudi kazini kachoka hasemi na mtu. Benny yuko dukani ananunua zawadi za Krismasi, Nelson ni msimamizi wa duka, akatoa jibu moja baba akacheka mpaka akashika ukuta. Jibu lenyewe mzee kalisahau. Anataka kulisikia tena. Nikamuuliza mwaka, hajui. Manunuzi ya Krismasi Benny aliyarudia mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hapo tungekesha. Ile ya Desemba 1946 ya kamba za viatu nilimwekea, akasema siyo hii, na huyo muuzaji anayepandwa na wazimu ni Mel Blanc, mwigizaji mwingine wa Benny, siyo Nelson. Hapo alinishinda, kweli ni Blanc.

Ndipo akasema neno moja: "Aliyeimba hakuwa Dennis."

Nikaruka kitini. Kwa nini? Dennis Day aliimba kwenye kipindi hicho tangu 1939, lakini alikwenda jeshi la majini, na nafasi yake ikashikwa na Larry Stevens kuanzia mwishoni mwa 1944 hadi Dennis aliporudi Machi 1946. Krismasi za Larry Stevens ni mbili tu. Desemba 1944 ina Jumapili tano, Desemba 1945 ina Jumapili tano. Kutoka miaka zaidi ya ishirini, tumebakiwa na Jumapili kumi! Nilijiona mpelelezi.

Kujiona huko ndiko kulikoniponza. Badala ya kutafuta moja moja nikaona ninunue mzigo mzima. Kuna muuzaji mtandaoni, simtaji maana sitaki kesi, anauza flashi ameiandika "mkusanyiko kamili, tarehe zote zimehakikiwa, wahusika wote wametajwa". Dola 40. Nikalipa. Ikaja ndani ya bahasha ya kaki, na kikaratasi cha kunishukuru kwa kuhifadhi historia. Historia!

Naanza na Desemba 1944. Faili la kwanza limeandikwa tarehe 13. Nikafungua kalenda: 13 Desemba 1944 ni Jumatano. Ndugu yangu, Benny wa miaka hiyo Jumatano alikuwa anafanya nini hewani? Kalenda iko kwenye simu ya kila mtu, kuhakiki huko kulikuwa kwa aina gani? Faili linalofuata, tarehe 24, hiyo angalau Jumapili. Naisikiliza, mwimbaji anaingia: Dennis Day. Yule yule aliyekuwa jeshini. La tatu ni hilo hilo la pili, limebandikwa tarehe nyingine na kupewa jina jingine. La nne lilinifanya niite "mzee, mzee, amka". Larry Stevens yupo, wanaongelea Krismasi, mambo yanakwenda. Ikafika dakika ya 14 na sekunde 50, kwii, kimya. Limeisha. Mzee kanitazama kama mimi ndiye niliyemzimia.

Na hapo kwenye dakika ya 14 mwenye akili angeelewa kilichotokea. Vipindi vile vilinakiliwa kwenye santuri kubwa za inchi 16, na upande mmoja wa santuri unabeba kama robo saa. Kipindi cha nusu saa kinahitaji pande mbili. Kwa hiyo mtu mmoja huko nyuma alikuwa na upande wa kwanza tu, au wa pili ulivunjika, maana wakati wa vita alumini ilikuwa adimu, santuri nyingi zikatengenezwa kwa kioo, na kioo ni kioo. Hilo silalamikii. Nalalamikia mtu anayekuuzia nusu ya kipindi akaandika "kamili" na asikwambie ni upande wa kwanza. Angeandika tu "nusu". Neno moja. Nisingemwamsha mzee wa watu.

Niliendelea kwa hasira, nikaacha Desemba nikawa napekua flashi nzima. Limo la "1943" ambalo Benny anafungua kwa salamu za Jell-O, ile jeli tamu ya unga. Jell-O iliacha kumdhamini 1942, sukari ilipokuwa inagawiwa kwa vipimo, wenye Jell-O wakamhamishia kwenye Grape-Nuts, nafaka yao ya kifungua kinywa, na kuanzia Oktoba 1944 ni sigara za Lucky Strike na yule dalali wa mnada wa tumbaku anayeghani kama kapandisha mashetani. Huhitaji digrii, sikiliza tangazo tu. Kuna lingine limekimbizwa kasi mpaka Don Wilson, mtangazaji wa kipindi mwenye sauti nzito kama pipa, anasikika kama mtoto wa darasa la pili.

Najua kuna sababu za haki za kuchanganya. Wakati wa vita redio ya jeshi la Marekani ilikuwa inanakili vipindi hivi na kuwapelekea wanajeshi ng'ambo, na walikuwa wanafyeka matangazo. Ukifyeka tangazo umefyeka alama ya mwaka. Halafu vipindi vingi vya zama zile vilichezwa moja kwa moja mara mbili kwa siku moja, cha kwanza kwa watu wa mashariki na cha pili kwa watu wa magharibi, kwa sababu mitandao mikubwa ya redio haikutaka kurusha rekodi, kwa hiyo unaweza kukuta nakala mbili za kipindi kimoja zisizofanana. Na hawa wachekeshaji wa pembeni hata kutajwa mwishoni mwa kipindi walitajwa kwa nadra. Orodha za vipindi kwenye magazeti ziliandika mgeni mkubwa wa wiki, basi. Mtu kama Nelson unamtafuta kwa sikio, hakuna njia ya mkato. Na kwa sikio napo usidhani ni rahisi, kwa sababu siku nyingine alipewa sehemu ya kawaida bila ile "Yeeeees", akaongea kama binadamu wengine, na ukipitiwa kidogo humshtukii.

Ndiyo maana hiki kinachofuata kimeniuma kuliko hata hela. Flashi ina orodha ya wahusika. Frank Nelson kaandikwa karibu kila faili! Popote penye sauti ya mwanaume isiyojulikana, bandika Nelson. Wamemwandika hata kwenye ile ya stesheni, mtangazaji wa treni anayeita "Anaheim, Azusa na Cuc... amonga". Jamani. Huyo ni Mel Blanc. Hata mzee wangu aliyeziba masikio kwa pamba kwa ajili ya feni atakwambia ni Blanc. Na mahali ambapo Nelson yupo kweli, waziwazi, hawakumwandika! Tarehe 8 Januari 1950, Don Wilson alikuwa ataje jina la mwanahabari Drew Pearson, ulimi ukateleza akasema "Dreer Pooson". Ukumbi ukacheka, kipindi kikaendelea. Kumbe waandishi wa Benny walimfuata Nelson pembeni wakambadilishia sentensi yake bila Benny kujua. Baadaye Benny anamwendea Nelson, safari hii ni bawabu, anamuuliza kama yeye ndiye bawabu. Nelson: "Unadhani mimi nani, Dreer Pooson?" Benny akavunjika mbavu hewani, hakuweza kuendelea. Ni dakika kubwa pengine kuliko zote za Nelson redioni, na kwenye orodha ya "wahusika wote wametajwa" nafasi yake ni tupu. Mtu aliyeandika orodha ile hakusikiliza. Kachukua orodha ya mwingine, naye alichukua ya mwingine, kosa linazaa kosa, na sasa ukitafuta mtandaoni yanakuja yale yale yakiwa yamevaa suti.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa. Akajibu kwamba "ni rekodi za zamani, kasoro ni sehemu ya uhalisia wake". Nikamwambia Jumatano siyo kasoro ya santuri, ni ya kwako. Hajajibu.

Sasa wadau mlioko huko Marekani, Uingereza na popote mnapokusanya hivi vitu. Sitaki huruma, nataka Jumapili kumi. 1944: tarehe 3, 10, 17, 24, 31 Desemba. 1945: tarehe 2, 9, 16, 23, 30. Za 1945 ni rahisi kuzitambua, maana mwezi huo ndipo walipoanza shindano la wasikilizaji kuandika kwa nini hawampendi Jack Benny, utasikia wakilitaja. Mwenye nakala nzima, pande zote mbili, anicheki inbox. Sitaki orodha ya wahusika, masikio ninayo. Na yeyote anayetaka kuniambia "si usikilize nyingine tu", naomba apite kimya kimya, mzee ananiuliza kila saa tisa usiku kama nimempata.

NYONGEZA, saa nane usiku: Ahsanteni mliojitokeza, kuna mkuu mmoja kanitumia mbili za 1944 zikiwa nzima, nazisikiliza zamu ya kesho na mzee. Halafu yule muuzaji amejibu hatimaye. Hakutaja hela yangu. Ananipa punguzo la asilimia 20 ninunue flashi ya pili, "iliyosahihishwa", na kaniwekea faili moja la kuonjea. Limeandikwa 14 Desemba 1944.

Alhamisi.