Muha toroli, Mdigo kaunta: nani alinifundisha?

Mwenye duka, Ngamiani
Wana Tanga, nisuteni. Juzi nimechukua vijana wawili dukani kwangu, nauza saruji, nondo na misumari. Mmoja Mdigo wa Mkinga, mwenyeji wa hapa Tanga, mwingine Muha wa Kasulu, Kigoma. Asubuhi ya kwanza, bila kuuliza lolote, Muha nikampa toroli, Mdigo nikamkalisha kaunta. Siku ya nne namsikia Muha anamsahihisha mwenzake hesabu ya chenji. Kumbe kasomea uhasibu! Sina chuki na Waha hata chembe. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata. Nasema haya tumerithi, na wengi wenu mnayo. Mnabisha?

Mgosi wa Muheza
Nabisha. Waha wachapakazi, nani asiyejua? Umemsifu mtu halafu unaomba toba. Lisemwalo lipo.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni
Lipo, mgosi, ila limefikaje? Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yakatanuka kuliko watu wa kuyakata. Wenyeji walikuwa na minazi yao na mihogo yao. Kwa ujira ule, nani aende akachomwe na miiba? Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kusaka vibarua, ikawafuata watu mikoa ya mbali, Kigoma ikiwemo, kule kodi inadaiwa na zao la kuuza ni shida. Wakafika huku wakapewa namba, nasi tukawaita manamba.

Sasa mtoto wa Tanga wa enzi zetu alimwonea wapi Muha? Kambini, kabeba mzigo wa mkonge. Hakumwona kwao Kasulu, mzee mwenye mji wake na watu wanamsikiliza. Tuliona kazi, tukadhani ni damu. Na sisi tulioukataa ujira ule tukaitwa wavivu, jina tunalo mpaka leo.

Mgosi wa Muheza
Shikamoo mwalimu. Hiyo ni historia, mimi nasema niliyoyaona. Wapangaji wawili wa mkoa mmoja (siutaji) walinihama usiku na kodi yangu. Tangu hapo, kabla ya kutoa ufunguo nauliza: kwenu wapi?

Binti wa Pongwe
Kaka, na wenyeji waliokukimbia je?

Mgosi wa Muheza
Kama watano hivi. Lakini hao nawajua, kila mmoja na matatizo yake.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni
Umejijibu, mwanangu. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Hamilton na Gifford, waliwasomesha watu habari za makundi mawili. Kundi A matendo 26, mema 18 na mabaya 8. Kundi B matendo 13, mema 9 na mabaya 4. Piga hesabu, uwiano ni uleule. Walipoulizwa baadaye, wasomaji walilibebesha kundi dogo mabaya kupita kiasi. Mgeni ni mchache, na baya nalo ni chache. Vikikutana vinaganda kichwani. Mwenyeji akikukimbia ni fulani. Mgeni akikukimbia ni mkoa mzima.

Binti wa Pongwe
Na sifa nazo zinafunga mtu, msidhani. Nilipokuwa Mwanza niliajiriwa kutunza stoo. Bosi kusikia Tanga tu, akanihamishia mapokezi, eti watu wa Tanga mna maneno matamu. Wateja wa kiume wakaanza na ule msemo wa Tanga: "Waja leo waondoka leo?" huku wanacheka. Mwaka mzima nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, na stoo ile ikawa inapotea mali kila mwezi. Nilitukanwa au nilisifiwa, sijui mnaitaje.

Mgosi wa Muheza
Hilo la dada limenigusa. Ila swali la "kwenu wapi" siliachi, mkinisuta nisuteni. Nyumba ni yangu na deni la benki ni langu.

Mwenye duka, Ngamiani
Mimi Muha nimeshampa daftari la mauzo.

Binti wa Pongwe
Na yule Mdigo, ulimuuliza yeye kasomea nini?

Mwenye duka, Ngamiani
Sijamuuliza.