Nimekwama na Nagona, zamu yangu Jumamosi

Kurasa Saba: Wakuu, habari zenu. Tuko sita, kila mwisho wa mwezi tunakutana, kila mtu anaeleza riwaya aliyonayo mkononi imemgusaje. Mimi ninayo Nagona ya Kezilahabi na hainiingii kabisa. Niseme nini nisiaibike?

Bi Rafu: Umeanzia juu mno mwanangu. Anza na Rosa Mistika ya 1971, mwandishi yuleyule, inasomeka kama umbea wa jirani. Nagona ni ya 1990, huko alishaachana na hadithi zenye kichwa na miguu.

Mzuka: Rosa anajiua mwishoni. Usijisumbue.

Bi Rafu: Mzuka una laana wewe.

Pembe ya Ukurasa: Mimi nilisoma riwaya ya upelelezi nzima, kufika mwisho karatasi imechanwa. Mwaka wa nane huu simjui muuaji. Hilo ndilo tatizo.

Kalamu Kavu: Sema tu hujaielewa, nani atakucheka? Au kuna kitu unaficha?

Kurasa Saba: Haya. Mwezi uliopita niliigusia. Nikasema, "Mwandishi hatafuti jibu, anatuficha swali." Wakapiga makofi. Maneno hayo niliyakuta pembeni mwa ukurasa, kwa penseli. Kitabu ni cha kuazima. Mwenyewe siku ile alikuwa safarini, Jumamosi atakuwepo.

Kalamu Kavu: Aa, kumbe! Kamwombe radhi mapema.

Kurasa Saba: Radhi ya nini? Wazo la penseli halina mwenyewe. Tena nimeshayafuta yote kwa raba, usiku kucha. Ukurasa mmoja tu umechanika, kidogo.

Bi Rafu: Mtu kakuamini na kitabu chake, unamfutia akili yake! Cha kuazima hata kukunja pembe ni dhambi.

Pembe ya Ukurasa: Hapo kwenye pembe umenigusa.

Mzuka: Hii chai, haina hata sukari. Nagona ni kijitabu chembamba. Usiku kucha unafuta nini?

Kurasa Saba: Kaandika mpaka ndani ya jalada. Alikuwa anabishana na mwandishi. Kuna mahali kaandika "hapana" mara nne, kagandamiza hasa. Rangi imetoka, lakini ukipitisha kidole unaisikia.

Mzuka: Alikuwa anakataa nini?

Kurasa Saba: Sijui. Nilikuwa nafuta, sikuwa nasoma.

Pembe ya Ukurasa: Zima taa, ilaze tochi ubavuni mwa karatasi. Mikwaruzo itatoa kivuli.

Kurasa Saba: Ngoja.

Kurasa Saba: "Hapana" naiona. Chini yake kuna mstari mrefu, unaanza na "Kama Nagona ni..." Subirini.