Naomba ushauri: DNS ya bure ya kuzuia matangazo nyumbani

Habari zenu wakuu. Nataka kuweka DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao) ya kuzuia matangazo kwenye ruta, ihudumie nyumba nzima: simu nne, kompyuta mbili na televisheni.

Nilijaribu huduma moja kwa wiki. Matangazo kwenye tovuti yalipungua sana, ila programu ya benki ya mke wangu ikagoma kufunguka na sikuwa na mahali pa kuiruhusu. Nikarudisha DNS ya zamani. (Matangazo ya YouTube najua hayazuiliki kwa njia hii, hayo sidai.)

Sasa nasita kati ya mbili. AdGuard DNS, yaani 94.140.14.14 na 94.140.15.15, haihitaji akaunti, lakini ukitumia anwani hizo za umma huwezi kuhariri orodha ya vinavyozuiwa. NextDNS inakuachia uruhusu unachotaka, ila ya bure ina kikomo cha maombi 300,000 kwa mwezi (ombi ni kila mara kifaa kinapoiuliza DNS anwani). Ukivuka, inaacha kuzuia.

Kwa vifaa saba, maombi hayo yanafikisha mwezi? Na kama ruta inatumia pia IPv6 (mfumo mpya zaidi wa anwani za mtandao), nibadilishe DNS ya huko nako, au vifaa vitachepukia hapo na matangazo yarudi?

Natanguliza shukrani.