Kurekodi kura za tovuti kwa PHP: faili la maandishi, SQLite au MySQL?

Kijana_wa_Tandika
Wakuu, habari za jioni. Kamati ya ligi yetu ya mtaa huku Temeke inataka mashabiki wamchague mchezaji bora kupitia tovuti. Wagombea ni watano: shabiki anabonyeza jina, kura inakwenda seva, basi. Ukurasa upo tayari, na hosti ni ile ya kulipia kwa mwaka, ina PHP (lugha ya kuandikia skripti za seva) na cPanel (paneli ya kusimamia hosti). Napima pa kutunzia kura: faili la maandishi lenye namba tano, SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja) au MySQL (hifadhidata yenye seva yake)? La pili, namzuiaje mtu mmoja kupiga kura mara hamsini? Mshindi anapewa pesa, kwa hiyo sitaki maneno uwanjani siku ya fainali.

DadaSeva
Faili lenye namba tano liache, mdogo wangu. Skripti inasoma 120, inajumlisha moja, inaandika 121. Mashabiki wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, skripti zote mbili zinasoma 120 na zote zinaandika 121. Kura moja imepotea na hakuna atakayejua. Utaambiwa uweke LOCK_EX (kufuli la faili) kwenye file_put_contents, amri ya PHP ya kuandika faili. Hiyo inalinda kuandika peke yake. Kusoma kulishafanyika kabla ya kufuli kushikwa. Ili likae sawa, fungua faili, shika kufuli kwa flock, soma, andika, ndipo uachie.

Mzee_wa_Mbagala
Namuunga mkono dada, ila faili lisionewe. Kosa ni kutunza jumla. Andika mstari mmoja kwa kila kura (saa, mgombea, kitambulisho cha mpiga kura) kwa FILE_APPEND (kuongeza mwishoni mwa faili) pamoja na LOCK_EX, kisha hesabu mwishoni. Hapo hakuna cha kusoma kabla ya kuandika. Na kamati ikibisha, unawafungulia mistari waihesabu wenyewe.

DadaSeva
Shikamoo mzee. Hilo la mstari kwa kila kura nalikubali kabisa, na hata kwenye hifadhidata afanye hivyohivyo. Shida ni swali lake la pili. Ili ajue kama mtu ameshapiga kura, itabidi asome faili zima kwanza, na tumerudi palepale. Hifadhidata inalimaliza kwa neno moja: UNIQUE (thamani isijirudie) kwenye safu ya kitambulisho. Na usitangulize SELECT kuuliza "huyu yupo?" halafu ndipo INSERT (kuingiza mstari), maana mibonyezo miwili inaweza kupita katikati. Piga INSERT moja kwa moja. Ikikataliwa kwa sababu ya UNIQUE, mwambie shabiki kura yake ilishapokelewa.

Kijana_wa_Tandika
Sawa dada. Sasa SQLite au MySQL? Na kitambulisho chenyewe kiwe nini? Nilifikiria anwani ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti.

Ngoma_Droo
IP hapana, mkuu! Mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4. Uwanja mzima unaweza kuonekana kama mtu mmoja: wa kwanza anapiga kura, wengine wote wanakataliwa. Na mjanja akizima data na kuiwasha, anaweza kupata anwani nyingine. Unawaumiza waaminifu, mwizi anapita. Kuki (alama ambayo tovuti huacha kwenye kivinjari) nayo inafutika. Akifungua dirisha la faragha ni mtu mpya.

Kwa SQLite na MySQL, kwa kazi hii zote zinatosha. SQLite inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, lakini kuandika kura ni kazi ya kufumba na kufumbua. Weka busy_timeout ili wengine wasubiri foleni badala ya kurudishiwa kosa. Muhimu kuliko yote: faili la SQLite likae nje ya public_html (folda inayoonekana mtandaoni), la sivyo anayebahatisha jina lake analipakua zima. Mimi ningechukua MySQL kwa sababu tayari imo kwenye cPanel, na kamati inaweza kuonyeshwa jedwali kwenye phpMyAdmin.

Mpemba_wa_Kariakoo
Kitambulisho kizuri ni namba ya simu iliyothibitishwa kwa meseji. Meseji zina gharama, na mtu anaweza kuwa na laini kadhaa, lakini hamsini hana. Zibadilishe namba zote ziwe za mtindo wa 255 kabla ya kuhifadhi, la sivyo mwenye 07 na mwenye +2557 watahesabika wawili ilhali ni mmoja. Na kumbuka tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usirundike namba za watu hovyo. Kuzipitisha kwenye sha256 tupu (kuzigeuza kuwa msimbo usiorudishika) hakusaidii, kwani namba za simu ni chache kiasi kwamba kompyuta inazijaribu zote. Tumia hash_hmac yenye ufunguo wa siri.

DadaSeva
Kuna njia rahisi zaidi. Kama wapiga kura ni wanaokuja uwanjani, wape tokeni kama za LUKU: tarakimu zilizotengenezwa kwa random_int, zimechapwa kwenye karatasi, moja kwa kila anayeingia getini. Ziwe ndefu, zisikisiwe. Tokeni ikitumika imekufa. Hakuna meseji ya kulipia wala namba ya simu ya mtu unayoitunza.

Kijana_wa_Tandika
Hii ya tokeni kamati wataipenda, tikiti wanachapa wenyewe. Nachukua MySQL, mstari kwa kila kura, UNIQUE kwenye tokeni.

Mzee_wa_Mbagala
Vizuri. Fomu itume kwa POST, wala isiwe linki ya kawaida, maana roboti za utafutaji hufuata linki. Maswali ya SQL (amri za hifadhidata) yaandaliwe kwa PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata; usiunganishe maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali.

Ngoma_Droo
Na saa, mkuu. Seva nyingi hufuata UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma yetu. Ukiandika kura zifungwe saa sita usiku bila kuweka Africa/Dar_es_Salaam, zitaendelea kuingia hadi saa tisa usiku. Weka kwenye PHP na kwenye MySQL pia, kila moja ina saa yake.