Naomba ushauri: nyota za tuzo kwenye makao ya watoto
Wakuu, makao yana watoto 12, miaka 7 hadi 13. Kila mmoja ana kadi: akitandika kitanda kabla ya kifungua kinywa, nyota 1, siku nzima bila kumpiga mwenzake, nyota 2. Nyota 10 ni dakika 30 za mchezo anaouchagua mwenyewe. Iliyopatikana haifutwi, maana mtoto aliyenyang'anywa huona hana tena cha kupoteza, na jioni yote huharibika. Chakula na kutembelewa na ndugu havimo. Hizo ni haki.

Tatizo ni zamu. Walezi wa usiku hugawa ovyo, wa mchana ni wabahili, na watoto wameshajua wa kumwendea (wajanja hawa!). Halafu wa miaka 7 hukata tamaa kabla ya kufika 10. Niwashushie hadi 3, au wakubwa watanuna? Na tabia ikishakaa, nyota mnaziondoaje taratibu?