Sloti za Pokémon Red: kuna ujanja au ni bahati tu?

mgebuka_mkavu (Ujiji):
Wakuu habari za jioni. Nacheza gemu ya zamani ya Pokémon Red kwenye simu kwa emuleta (app ya kuchezea gemu za zamani), nimefika mji wa Celadon pale Game Corner, kasino la mle ndani ya gemu, nimekwama. Namtaka Porygon, Pokémon anayeuzwa pale, bei yake koini 9999, mimi nina mia nne na kitu. Nakaa kwenye sloti, ile mashine ya magurudumu matatu ya picha, saba mbili zimeshakaa, naivizia ya tatu nabonyeza palepale inapofika kwenye mstari, inateleza inakuja picha nyingine!! Sasa ni mkono wangu mzito, simu inachelewa au wale jamaa wametega? Halafu bi mkubwa kapita nyuma yangu kaona saba zinazunguka akajua nacheza dubwi, nimejieleza mpaka nimechoka, simu imelala kabatini kwake 😂

embe_bolibo (Tabora, Isevya):
Mkono wako hauna shida mkuu. Ukishaweka koini mashine inabahatisha yenyewe kwanza, kabla hujasimamisha chochote, kama raundi hii ushindi upo au haupo, na kama upo ni wa picha kubwa za saba na BAR au wa vile vidogo vidogo. Ikishaamua hupati, gurudumu la tatu likitaka kulingana na wenzake linasogezwa mbele, ndo huko kuteleza unakokuona, hata ungekuwa na vidole vya fundi cherehani. Saba tatu ni koini 300, BAR tatu 100, cheri 8, picha zilizobaki 15. Ipo mashine moja mle inayopendelewa, inabadilika kila ukitoka na kuingia, ila inapendelewa kidogo sana, usizunguke kuitafuta. Wewe sevu, cheza, ukiliwa rudisha pale uliposevu.

dagaa_wa_kibirizi:
Sasa kusevu na kurudisha hiyo si kamari tena, unachukua tu hela yako 😀 Mi naona sloti achana nazo, pale kaunta wanauza koini 50 kwa 1000, kwahiyo Porygon ni kama laki mbili za mle ndani ya gemu. Kawapige Elite Four, wale wapinzani wanne wa mwisho, rudia tena na tena, hela inajaa. Au cheza Blue, toleo pacha la Red, kule Porygon ni 6500. Kwa nini Red walimpandisha hivyo Mungu anajua

mzee_wa_kaseti (Tabora):
Vijana mnahangaika na sloti, sisi enzi za kaseti tulikuwa na ile ya karata kwenye gemu ya Super Mario Bros. 3. Ukifikisha pointi 80,000 inatokea kwenye ramani alama yenye N, unaingia unafunua karata mbili mbili zifanane, ukikosea mara mbili unatolewa. Watu wanadhani zinachanganywa upya kila mara, wapi, mipangilio ipo 8 tu. Unafunua za kwanza kwanza unajua huu ni upi, zinazobaki unazokota kama zako. Mipangilio yote niliichora kwenye karatasi ya daftari nikaibandika ubavuni mwa TV, madogo wa Cheyo walikuwa wanakuja kuinakili.
Ila kiboko ni gemu ya Dragon Quest IV ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo kule Japani, 1990. Koini ya kasino inauzwa dhahabu 20, ukiagiza 838,861 unadaiwa dhahabu NNE. Piga hesabu mwenyewe: jumla inatakiwa iwe 16,777,220, sehemu ya kuhifadhia bei mwisho wake ni 16,777,215, ikizidi inaanza sifuri, inabaki 4. Kasino limeliwa na hesabu yake lenyewe

embe_bolibo:
😂😂 hiyo nne imeniua. Mgebuka, mwambie bi mkubwa hajakosea sana, hata Nintendo wenyewe kwenye gemu za Pokémon HeartGold na SoulSilver zilizouzwa nje ya Japani sloti walizitoa wakaweka Voltorb Flip, mchezo wa kufunua vigae unaopiga hesabu kidogo.

mgebuka_mkavu:
Nimwambie hajakosea?? simu si ndo hairudi 😂 Nimemuonyesha kwamba hakuna sehemu ya kuweka namba ya simu wala hela haitoki popote, kaelewa nusu. Haya naenda na njia ya Elite Four. @mzee_wa_kaseti ile karatasi bado unayo? Tupia picha, Mario 3 nayo ipo kwenye simu hiyohiyo

mzee_wa_kaseti:
Ipo, umeme ukirudi naichaji simu natupia. Mpangilio wa tano umeliwa na mende kona moja, utaumalizia mwenyewe