Mjadala: Makapi ya miwa yakigeuzwa makaa na mafuta, mkulima apate nini?

Mkulima, Muhoroni: Ndugu zangu, tulizungumze hili wazi. Miaka yote napeleka miwa kiwandani nalipwa kwa tani, basi. Tani 10 zikikamuliwa, sukari ni kama tani moja. Makapi mabichi ni karibu tani 3. Mengine yanachomwa kwenye boila, na kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwahi kuuzia gridi ya taifa umeme wa makapi, megawati 26. Yanayobaki yanalundikwa. Upepo wa jioni ukivuma, vumbi lake linatua hadi ndani ya sufuria ya mboga.

Sasa wapo wanaotaka kuyapika bila hewa, yaani pirolisisi. Kwenye nyuzi joto 500 hivi hayawaki. Yanavunjika kuwa makaa, gesi na mafuta meusi mazito. Naunga mkono, ila mkulima alipiwe makapi pia.

Muuza makaa, Kondele: Mimi naunga mkono kabisa. Gunia la makaa ya miti likifika kwangu, chini limejaa vumbi, na mteja hataki vumbi. Makaa ya makapi yakifinyangwa na molasi yanawaka vizuri. Lakini yakipita bei ya gunia, mama mwenye watoto hatayagusa.

Fundi wa boila, Chemelil: Mzee, hayo mafuta tusiyaite dizeli. Robo yake yaweza kuwa maji, na yana asidi kali. Ukiyatia kwenye trekta, pampu italiwa. Kuyasafisha kunataka haidrojeni na mtambo wa gharama. Tena makapi mabichi nusu ni maji. Usipoyakausha kwanza, moto wote unaishia kuchemsha maji. Tuanze na makaa, na ile gesi ikaushie makapi yanayofuata.

Mama shamba, Awasi: Na udongo je? Tunavuna kila kitu, halafu tunalia mbolea ni ghali.

Mkulima, Muhoroni: Mama, umenigusa. Majani ya miwa yabaki shambani, hapo sibishani, na unga wa makaa usiouzika turudishiwe tuuchanganye na samadi. Fundi, nimekusikia pia, mafuta yasubiri. Lakini kwenye sharti langu sirudi nyuma. Risiti ya mizani ina mstari mmoja tu, uzito wa miwa. Kabla mtambo haujasimikwa, nataka kuona mstari wa pili: makapi.